Programu ya duka: hesabu mzigo kabla ya bei

Mwenye duka akienda kutafuta programu ya kuuzia, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni kaunta: skrini ya kugusa, risiti inayotoka papo hapo, droo inayofunguka yenyewe, na grafu ya mauzo ya leo kwenye simu. Vyote hivyo vina faida yake. Lakini pesa ya duka haikai kaunta. Imekaa kwenye rafu na stoo, katika katoni ya sabuni ambayo haijaguswa tangu Idi iliyopita, na imekosekana pale unga ulipokwisha Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi, wateja wakiwa na mshahara mkononi. Programu inayostahili kulipiwa ni ile inayokusaidia kujua uweke nini dukani, kiasi gani, na uagize lini. Ile inayohesabu mauzo tu unaweza kuipata bure.

Tuchukue duka la mtaa la mfano, Likoni au Kongowea mjini Mombasa, linalouza wastani wa shilingi 20,000 za Kenya kwa siku. Unga, sukari, mafuta na maziwa havina faida kubwa. Tuseme kwa jumla bidhaa zote zinaacha asilimia 10 ya mauzo kabla ya kodi ya pango, umeme na mshahara. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa siku, au 60,000 kwa mwezi. Programu ya dola 50 kwa mwezi, dola ikihesabiwa kwa shilingi 130, inachukua 6,500. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya faida ghafi imekwenda kabla hujamlipa kijana wa kaunta. Supamaketi ndogo inayouza 200,000 kwa siku kwa faida ya kiwango hicho hicho itaipata ada hiyo kuwa kama asilimia moja tu. Kwa hiyo mtu akikuambia programu fulani ni rahisi au ni ghali, muulize kwanza duka lake linauza kiasi gani.

Hizo dola 50 sikuziokota hewani. Loyverse ni mojawapo ya programu zinazojulikana sana kwa wenye maduka madogo, na inafanya kazi kwenye simu au tableti. Bila malipo unaweza kuuza, kutoa risiti, kuorodhesha bidhaa, kuona ripoti ya mauzo na hata kupewa taarifa bidhaa inapokaribia kwisha. Intaneti ikikatika inaendelea kuuza, kisha inapeleka kumbukumbu mtandao ukirudi. Kinacholipiwa ni sehemu ya stoo: oda za kununua, kuhamisha mzigo kutoka tawi moja kwenda jingine, zoezi la kuhesabu mzigo na kujua thamani yake. Hiyo imekuwa ikitozwa dola 25 kwa mwezi kwa kila duka. Sehemu ya kusimamia wafanyakazi, ambayo inamfunga kila keshia kwenye mauzo yake na kumwekea mipaka ya anachoweza kufuta, nayo ni dola 25. Bei za namna hii hubadilika, basi zitazame tena siku unayofanya uamuzi.

Angalia kilichotolewa bure na kilichowekewa bei. Kuuza ni bure. Kujua mzigo ulivyo ndiko kunakolipiwa. Wenye programu wanajua vizuri thamani iko wapi, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo kabla hajapendezwa na droo.

Mwenye duka moja ambaye mwenyewe ndiye keshia, au mkewe, mumewe au ndugu yake, sioni sababu ya kulipa hizo dola 50. Atumie ile ya bure kwa mauzo, na kwa stoo atumie daftari au jedwali la Excel kama nitakavyoeleza mbele. Mwenye maduka matatu na keshia wa kuajiriwa ana hesabu nyingine. Huyo atalipa dola 150 kwa mwezi, yaani shilingi 19,500. Kwa mwaka 234,000, na kwa miaka mitatu 702,000. Ongeza tableti tatu na printa zake. Ni pesa nyingi, lakini ni mtu ambaye mzigo wake unasafiri kwenye pikipiki kati ya matawi, na katoni moja kwa wiki ikipotea njiani bila kumbukumbu, kwa miaka mitatu ni katoni zaidi ya 150.

Sasa ulinganishe na kifurushi cha kununua mara moja. Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi au mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, utauziwa kila kitu pamoja: kompyuta, printa ya risiti, skana, droo, na programu yenye leseni ya kudumu. Bei zinatofautiana mno kati ya muuzaji na muuzaji, kwa hiyo nitatumia makadirio yangu ili tupate njia ya kuhesabu, nawe uweke namba ulizopewa. Leseni 40,000 kwa duka, mara tatu, 120,000. Matengenezo 10,000 kwa duka kuanzia mwaka wa pili, kwa miaka miwili, 60,000. Kompyuta zilizotumika za 30,000 kila moja, 90,000. Betri za kushikilia umeme unapokatika, 8,000 kila moja, 24,000. Jumla kwa miaka mitatu ni 294,000, chini ya nusu ya ile ya kwanza.

Mbona basi kila mtu asinunue hiki? Kwa sababu mara nyingi bei hiyo inakupa maduka matatu yasiyojuana. Kila kompyuta ina hesabu yake, na ili ujue sukari iliyopo kwa jumla unazunguka na flashi au unapiga simu. Kuyaunganisha ni malipo mengine, na ndiyo sehemu ambayo muuzaji huisema mwisho. Halafu diski ya kompyuta ikifa, kumbukumbu zote zinakwenda nayo, isipokuwa kama kila usiku mtu alikuwa akinakili kwenye diski nyingine na kuondoka nayo dukani. Na fundi aliyeiandika programu akihama mji au akiacha kazi hiyo, unabaki na leseni ya kudumu ya kitu kisichotengenezeka. Hatari hii haiko kwa mafundi wadogo tu. Intuit, kampuni kubwa ya Marekani yenye QuickBooks, iliacha kuhudumia programu yake ya kaunta ya kompyuta za mezani tarehe 3 Oktoba 2023, na wafanyabiashara waliokuwa wameizoea kwa miaka walilazimika kuhama.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa maoni yangu haipewi nafasi inayostahili kwetu: programu huria. Odoo ya Ubelgiji ina toleo la jamii lisilo na ada ya leseni, na ERPNext iliyotengenezwa India nayo iko huru. Zote mbili zina kaunta, stoo na ununuzi mahali pamoja. Zote mbili zinajua jambo ambalo duka letu haliwezi kuishi bila yake: kununua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Gunia la sukari la kilo 50 linaingia kama gunia moja na linatoka kwa kilo, nusu na robo. Mafuta yanaingia kwa mtungi wa lita 20 na kutoka kwa kipimo cha shilingi kumi kumi. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya duka la nguo au mkahawa itakulazimisha uidanganye ili uuze robo ya sukari, na programu inayodanganywa kila siku haiwezi kukupa hesabu ya stoo.

Gharama ya programu huria iko kwa mtu. Unahitaji seva, ya kukodi au ya kwako, na unahitaji fundi wa kuiweka, kuilinda na kuifufua. Mwenye duka moja asijiingize huko. Kwa mwenye matawi matano na duka la jumla, mshahara wa nusu wa kijana aliyesoma mambo haya unaweza kuwa nafuu kuliko ada za matawi yote matano, na akiondoka unaweza kumpata mwingine, kwa kuwa anachokifahamu kinafahamika na wengi.

Kabla hujachagua yoyote kati ya hizi, lipo swali la serikali, na hili halina mjadala. Kenya, kwa sheria ya fedha ya 2023, risiti inapaswa kupita eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, na kuanzia Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliki kama gharama unapokokotoa kodi ya mapato, isipokuwa machache yaliyosamehewa. KRA yenyewe inatoa njia za bure, ikiwemo ya simu, na inaruhusu programu za watu kuunganishwa moja kwa moja. Tanzania bara mashine za risiti za kodi, EFD, zimekuwapo tangu 2010, na sasa kuna risiti za kielektroniki zinazotolewa kwa programu badala ya mashine. Zanzibar ina mfumo wake chini ya mamlaka yake ya mapato, ZRA. Uganda ni EFRIS, tangu Januari 2021. Rwanda ni EBM, tangu 2013. Mfanyabiashara mwenye duka Dar es Salaam na jingine Unguja anaingia mifumo miwili ya kodi ndani ya jamhuri moja.

Maana yake kwenye mfuko ni hii: programu isiyounganishwa na mfumo wa kodi inamfanya keshia aandike kila mauzo mara mbili, na foleni ikirefuka ataandika mara moja tu. Programu nyingi za kigeni zinahitaji daraja la kampuni nyingine ili zifike KRA au TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nalo lina ada yake ya kila mwezi. Muulize muuzaji ada hiyo kwa maandishi, na umwambie akuonyeshe risiti halisi iliyopita kwenye mfumo wa kodi, yenye alama ya QR, kutoka kwa mteja aliye naye sasa. Vivyo hivyo kwa malipo ya simu. Duka linalopokea kwa Buy Goods au kwa Lipa Namba linahitaji keshia aone malipo yameingia kwenye mfumo. Akitegemea ujumbe anaoonyeshwa na mteja, ule wa kughushi utampita.

Turudi stoo, kwani huku ndiko nilikotaka kufika.

Kupanga mzigo kwa duka dogo ni hesabu ya darasa la sita. Pakiti za unga za kilo mbili, tuseme zinatoka 24 kwa siku. Msambazaji ukimpigia leo analeta baada ya siku tatu. Basi siku hizo tatu zitakula pakiti 72, na ukiweka akiba ya siku moja kwa ajili ya lori kuchelewa, unafika 96, yaani mabunda 8 ya pakiti 12. Rafu na stoo kwa pamoja zikishuka hadi mabunda 8, unaagiza. Hiyo ndiyo kazi ambayo programu za bei kubwa zinaifanya kwa maelfu ya bidhaa, pamoja na nyongeza za kitakwimu. Kwa bidhaa 30 zinazokuletea pesa nyingi unaweza kuifanya kwa jedwali la Excel lenye safu nne: inayotoka kwa siku, siku za kuletewa, akiba, na kiwango cha kuagiza. Bidhaa nyingine zilizobaki zitazame kwa macho.

Lakini kuna mahali hesabu hii inateleza, hata ndani ya programu za mamilioni, na mwenye duka wa pwani anajua kuliko programu. Nyingi zinakisia mauzo kwa kutazama mwezi kama huu mwaka uliopita. Ramadhani haifuati kalenda hiyo. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2024 ilianza karibu na tarehe 11 Machi, 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaingia katika nusu ya pili ya Februari. Programu isiyojua hilo itakuagizia tende, unga wa ngano na sukari wiki na nusu baada ya watu kuanza kufunga, kisha ikuache na shehena baada ya Idi. Shule kufunguliwa, mishahara ya mwisho wa mwezi, meli za watalii, msimu wa karafuu Pemba: vyote hivi ni tarehe unazozijua wewe. Ukionyeshwa programu ya kukisia mauzo, uliza kama unaweza kuandika tarehe zako mwenyewe ndani yake. Jibu likiwa hapana, usiilipie sehemu hiyo.

Upande wa pili wa kuagiza ni kuondoa. Duka lile la mfano, tuseme lina mzigo wa shilingi 600,000, na ndani yake bidhaa za 100,000 hazijauzwa kwa miezi mitatu. Kama pesa hiyo ni mkopo wa chama cha akiba kwa asilimia 12 kwa mwaka, inakugharimu 12,000 za riba. Hiyo peke yake haifikii ada ya programu, ambayo kwa 6,500 kwa mwezi ni 78,000 kwa mwaka. Watu wengi wanaishia hapa na kusema programu haina maana. Endelea kidogo. Ziuze hizo bidhaa hata kwa hasara ya robo, ubaki na 75,000. Uziweke kwenye bidhaa inayozunguka kila wiki mbili na kuacha shilingi 10 kwa kila 100 uliyonunulia, na ambayo wateja huikosa mara kwa mara dukani kwako. Kila mzunguko ni 7,500. Mizunguko 26 kwa mwaka ni 195,000. Sharti ni moja, tena gumu: wateja wa bidhaa hiyo wawepo kweli. Ndiyo maana kumbukumbu ya kile mteja alichouliza akakikosa ina thamani kuliko grafu yoyote ya kile alichonunua. Kaunta haiandiki mauzo ambayo hayakufanyika. Daftari dogo kando ya keshia linaweza kuyaandika, na halina ada.

Wenye minyororo mikubwa ya maduka wana programu za kupanga haya yote, kama RELEX ya Finland au Blue Yonder, ambayo Panasonic iliinunua yote 2021. Bei zake hazibandikwi. Zinajadiliwa kwa kila mteja, na gharama ya kuziweka mara nyingi huzidi ya leseni. Msomaji mwenye duka Mwanza hatazinunua, lakini kushindwa kwa wakubwa kuna cha kumfunza. Lidl, wenye maduka ya vyakula kutoka Ujerumani, waliacha mradi wao wa programu ya SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyoripotiwa kuwa karibu euro milioni 500. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba Lidl walizoea kuthamini mzigo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa juu ya bei ya kuuzia, na kuubadilisha ndiko kulikokula fedha. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Kanada Machi 2013, na Januari 2015 ikatangaza kufunga maduka yote 133. Taarifa za bidhaa ziliingizwa kwenye mfumo mpya kwa haraka, zikiwa na vipimo na idadi zisizo sahihi. Mabohari yakajaa huku rafu zikiwa tupu.

Na hapa kwetu supamaketi ya Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, ilionyesha rafu tupu mwaka 2017 kwa sababu nyingine kabisa: wasambazaji hawakuwa wamelipwa. Hakuna programu ya kuagiza inayoleta unga kutoka kwa mtu unayemwomba uvumilivu kila wiki. Ukiwa na pesa ya kulipa programu au kumlipa msambazaji, mlipe msambazaji.

Kosa la Target linatokea kila siku katika maduka ya mtaa, kwa kipimo kidogo. Bidhaa moja inaandikwa mara tatu: "maziwa nusu lita", "maziwa 500", "maziwa ya pakiti". Programu inaona bidhaa tatu, kila moja inatoka polepole, na ushauri wake wa kuagiza unakuwa upuuzi. Dawa yake ni kuskani msimbopau wa bidhaa inayoingia mara ya kwanza badala ya kuandika jina kwa mkono. Bidhaa zilizosajiliwa Kenya kwa kawaida huanza na 616, za Tanzania na 620. Visivyo na msimbo, kama viazi, dagaa na sukari ya kupima, vipe namba fupi zako na uzibandike ukutani mbele ya keshia. Kuingiza bidhaa 800 kwa usahihi ni kazi ya wiki nzima ya mtu mmoja makini. Mlipe mtu huyo. Katika gharama zote za mwaka wa kwanza, hii ndiyo ambayo nisingeipunguza hata shilingi.

Lililobaki ni kuijaribu programu kabla ya kuilipia. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ilidorora kwa siku kadhaa. Kaunta inayotegemea mtandao kwa kila mauzo haiwezi kuhudumia foleni siku kama hiyo. Basi katika majaribio zima data kabisa, uza bidhaa kumi, kisha washa uone kama zote kumi zimefika na stoo imepungua ipasavyo. Jaribu pia mteja anayerudisha bidhaa, gunia linalouzwa kwa robo, na mzigo unaohamia tawi jingine. Mkopeshe mteja wa mfano na uone deni linaandikwa wapi na nani anaweza kulisoma, kwa sababu majina na namba za simu za wadaiwa wako yanalindwa na sheria, Kenya ile ya 2019 na Tanzania ile ya 2022, na ukiyaweka kwa muuzaji wa programu wajibu wako hauishi. Mwisho wa majaribio mwambie muuzaji akuonyeshe jinsi ya kuondoka na kila kitu: bidhaa, bei za kununulia, mauzo, madeni. Faili utakalopewa lifunguke kwenye kompyuta yako, kwa Excel, yeye akiwa ameshaondoka.